Hesabu ya Kumwamsha Anena

Jumatatu, 7 Machi 2011
Modeli imekubali! Seli ya kinga mwilini inalala tu mpaka imguse adui. Mguso mmoja hautoshi, lakini migusano ikifuatana haraka inajumlishana, inavuka kizingiti, seli inaamka kupigana. Ikichelewana, inafifia. Mlinganyo mmoja tu, mzuri kama bibi harusi.

Nikamwonyesha Anena wa maabara, anayeniletea vipimo. Akauliza ishara ya pili iko wapi. Eti seli haiamki kwa mguso peke yake, lazima seli nyingine iithibitishie. Ikiguswa tu bila kuthibitishiwa, inakufa ganzi. Nikasema hiyo nimeitoa, inachafua hesabu. Akacheka. Yale meno!

Ndipo nikapata wazo. Weka Anena mahali pa seli. Weka salamu zangu mahali pa migusano. Yule Ocaya wa uhasibu humsalimia mara moja kwa wiki. Amefifia tayari, maskini.

Jumanne, 8 Machi
Asubuhi na mapema, mtaani Wandegeya, chapati za mayai mbili za moto mkononi. Maabara imefungwa. Mlinzi akanieleza kwa huruma kwamba ni Siku ya Wanawake, Uganda yote imepumzika. Kwetu Kenya siku hiyo tunakwenda kazini! Nikala zote mbili, nimesimama.

Nasikia Ocaya ameshinda kambi ya polisi, kwa kina Anena, akimenya matoke ili akina mama wakae. Huo ni wizi. Matoke hayamo kwenye mlinganyo.

Jumatano, 9 Machi
Kufidia jana, nimeongeza kasi. Nimemsalimia mlangoni, kwenye ngazi, kwenye hadubini, tena kupitia dirisha. Kufikia mchana anajibu bila kuinua kichwa. Jioni hajibu kabisa. Kwa hesabu yangu sasa hivi angekuwa anachemka! Nimekagua kompyuta, haina kosa.

Naogopa. Nampenda huyu msichana, hata siku ambazo hana vipimo vyangu.

Alhamisi, 10 Machi
Shangazi Aluoch, ninayekaa kwake Kyebando, ameona sijagusa samaki. Akanibana mpaka nikasema yote. Akashangaa. Akauliza tangu lini Mjaluo akajisemea mwenyewe kwa msichana. Jagam wangu yuko wapi, mshenga wa kunithibitisha? Nikamjibu kwa upole kwamba hii ni sayansi. Akafunga kitambaa kichwani, akabeba samaki wangu, akatoka. Amerudi akiimba. Haniambii kitu.

Ijumaa, 11 Machi
Anena amekuja mezani kwangu. Mwenyewe! Kumbe Shangazi alikwenda maabara, akampa samaki, akaniuza jumla na rejareja. Kwamba nakoroma. Kwamba naongea na kompyuta. Kwamba nimewahi kuunguza sufuria nikichemsha maji. Lakini pia kwamba yeye alipougua malaria, nilimfulia nguo zake zote uani, majirani wakinicheka, na sikuacha. Niliona aibu, nikatamani meza inimeze.

Anena akasema, "Ondiek, wewe ulinisalimia mpaka nikalala kabisa. Lakini huyo mama amekusemea vizuri. Sasa kuja Jumapili, wewe na yeye, muone baba. Yeye hata jina yako hajui."

Nimelia kidogo chooni. Kwa furaha.

Jumamosi, 12 Machi
Nimeipitia wiki nzima kwa utulivu. Jibu liko wazi. Zile salamu za Jumatano zilifanya kazi, ila zilichelewa kufika. Nimeongeza kigezo cha ucheleweshaji na sasa grafu inapanda vizuri ajabu. Shangazi alitokea tu siku hiyohiyo. Sadfa.

Amepiga pasi gauni lake la kesho, na kumtafutia baba yake Anena, Afande Oloya, jogoo. Nimemwambia apumzike, nitakwenda peke yangu. Akanitazama, akamtazama jogoo, akanitazama tena. Nadhani ameguswa.

Afande huamka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na nusu nitakuwa chini ya dirisha lake, nimeanza kusalimia.