Mwenye Masharubu Kando ya Hawa

Jumatatu, 3 Machi
Nimetukanwa! Makumbusho ya kazi za mikono hapa mjini Metepec yamechagua mti wa uzima wa shemeji Eulalia, mke wa kaka yangu. Mti wa udongo, Adamu na Hawa katikati, malaika na ndege hadi kileleni. Utawekwa ukumbini, na kadi yenye jina lake. Vyungu vyangu vimerudishwa. Mkurugenzi, Doña Ifigenia, kasema kwa upole kwamba vimeinama. Vimeinama! Jina langu nalo lini litaingia mle? Roho inaniuma, sifichi.

Jumatano, 5 Machi
Penye nia pana njia. Nimejifinyanga mwenyewe, urefu wa kidole: masharubu, kofia pana, mikono juu nikisalimia umati. Tanuri lilizidi moto, nimetoka mwekundu. Ukingo wa kofia umekatika, zimebaki ncha mbili. Haidhuru.

Nimejitolea kuubeba mti hadi makumbusho. Shemeji akauliza tangu lini mgongo wangu unabeba vya watu. Nikamjibu undugu ni kufaana, si kufanana. Akanitazama sana, kisha akanifungia tamale za unga wa mahindi nile njiani.

Alhamisi, 6 Machi
Tayari! Mlinzi alipotoka kununua uji moto wa atole, nikajibandika kwa gundi kwenye tawi tupu, karibu na sikio la Hawa. Nikarudi nyuma kujitazama. Machozi yalinitoka. Nimeingia makumbusho.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguzi. Watu tele. Watoto wananinyooshea vidole mimi, si Adamu! Nikasogea kusoma kadi. Jina la shemeji, na chini yake: tazama shetani akimnong'oneza Hawa.

Shetani! Nikapaza sauti kwamba yule ni mtu mwenye heshima zake. Watu wakageuka. Shemeji akaangalia tawi, akaniangalia mimi, akaangalia tawi tena. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia Doña Ifigenia, mbele ya kadamnasi, kwamba kazi hiyo si ya mkono wake, ni ya huyu shemeji yake Fermín, na sura pia ni ya Fermín, vile vile alivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 9 Machi
Doña Ifigenia kaja nyumbani. Nilijificha nyuma ya tanuri, mke wangu akanitoa kwa ufagio. Kumbe hakuja kunishtaki! Watoto wamekataa kubanduka kwa shetani wangu. Anataka nimfinyangie kundi zima la mashetani; nitapewa rafu yangu mwenyewe, na kadi yangu: Fermín Arzate. Nikamwambia nitafikiria. Nikakubali kabla hajafika mlangoni.

Kumbe aliyeniombea ni shemeji. Mwanamke ana moyo wa dhahabu yule. Nimeapa mbele ya mke wangu sitamchokoza tena maishani. Nina furaha, nimeshindwa kula.

Jumatano, 12 Machi
Shetani wa kwanza katoka tanurini. Mzuri ajabu! Ana pembe, ana mkia, na ana uso wa shemeji Eulalia, hata kile kidoti cha kidevuni. Hatajitambua kamwe.