Kitufe Kilichoandikwa Zama

Jumatatu, 3 Machi

Nimeweka dau, na nitashinda. Shemeji, mdogo wake mke wangu, amehamia kwetu na cherehani yake. Anakitaka chumba changu kidogo chenye dirisha, ilipo kompyuta, kiti changu na amani yangu. Nikasema tukishindanie. Mchezo ni ule wa kompyuta wa kujenga dola, kila mtu kwa zamu yake. Atakayekuwa mbele kwa alama enzi ya tatu ikifunguka, chumba chake. Mke wangu akasema mimi ni mtunza stoo, nitunze na mdomo. Nilishaanza kujenga ghala.

Jumanne, 4 Machi

Maghala kumi na mawili! Nafaka, mawe, mbao, yamejaa hadi darini. Merikebu arobaini bandarini. Nina miaka kumi na saba kwenye stoo ya matairi, kuweka akiba hakuna wa kunifundisha. Shemeji ana shule. Nane! Nimechungulia, nikacheka hadi nikapaliwa. Askari wake wachache wamesimama nyuma ya jemadari mmoja kama watu wanaosubiri basi. Akaniambia, shemeji, soma maelezo. Nikamwambia maelezo ni ya wanaohitaji msaada.

Jumatano, 5 Machi

Kuna kitufe chekundu pembeni, kimeandikwa ZAMA 2. Sielewi. Kwa nini mtu aamriwe kuzama? Na kwa nini mara mbili? Kazini nikamuuliza mlinzi wa getini. Akasema mchezo haujui, ila mwenye merikebu akiambiwa zama, azitoe majini upesi. Mtu wa maana sana yule. Nimerudi nyumbani nikazivunja zote arobaini, mbao nikaziingiza ghalani. Nikakaa, moyo mweupe. Shemeji akabonyeza kile kitufe.

Alhamisi, 6 Machi

Si kuzama. Ni zama. Zama za pili, yaani enzi mpya. Hata hivyo nimezama. Maghala matupu! Mji wangu mkuu umegeuka kijiji. Askari wametawanyika bila hata kuaga. Nimemshtaki shemeji kwa dada yake. Shemeji akaeleza, kwa upole unaoudhi, kwamba mmoja akibonyeza enzi hubadilika kwa wote, na mali haivuki. Kinachovuka ni elimu ya watu wako, na askari walio chini ya jemadari. Hata merikebu zingevuka, kama zingekuwa na jemadari wa majini. Watu wake tayari wanafua chuma. Wangu wanashangaa moto. Nusu ya maelezo sikuyaelewa, ila neno jemadari nimelishika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeajiri majemadari tisa. Nafaka yote imeishia kwao. Ya kulisha askari haikubaki, kwa hiyo askari sina. Mke wangu akapita na kapu la nguo, akauliza majemadari wote hao wanamwongoza nani. Nikasema wanaongozana. Akaenda kuanika. Shemeji naye akasema zimebaki zamu tatu, nijenge walau shule moja, hataki kunishinda kwa aibu. Kumbe anataka nimalize mawe! Nimemshtukia. Sikujenga.

Jumapili, 9 Machi

Zama za tatu zimefunguka saa nne asubuhi. Majemadari wangu wote tisa wamevuka salama, na farasi wao. Kwa kitambo nilifurahi kwelikweli. Kisha zikaja alama. Shemeji mia nne na kumi, mimi kumi na nne.

Saa sita cherehani imeingia chumbani. Nilisaidia kuibeba, maana ni nzito na shemeji anaumwa mgongo. Nimeumia kuliko nilivyotegemea. Lile dirisha nilikuwa nimelizoea. Kompyuta sasa iko kwenye korido, juu ya kabati la viatu, nacheza nimesimama. Mke wangu amekuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna nililojifunza. Nimemwambia lipo, tena kubwa: maghala kumi na mawili yalikuwa machache.

Alipoingia jikoni nikamwendea shemeji. Tucheze tena. Nikishinda, chumba kinarudi. Nikishindwa, achukue na sebule. Shemeji akaniuliza kama nina hakika, akauliza pia sebule ina upana gani. Sikujua. Akanipa futi yake ya kupimia nguo, nikaenda kumpimia mwenyewe.