Seva ya Mzee Kufuli

Dokta Waya alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, aliposikia riziki yake ikiongea kwenye kiti cha pili.

"Nina vyumba kumi na viwili," riziki ilikuwa ikimwambia kinyozi. "Nikiweka seva nyumbani, kila mpangaji atanilipa kwa mwezi. Filamu atazame kutoka kwangu, picha zake nimtunzie mimi. Lakini mke wangu, tangu aanze masomo ya jioni, hanipi raha. Eti ninunue kompyuta ndogo iliyotumika ofisini, niitie diski mbili mpya, basi. Kadude kama boksi la viatu! Nani atalipia kadude?"

Msemaji alikuwa Mzee Kufuli, mwenye nyumba maarufu mtaani. Jina hilo alipewa na wapangaji wake, na Dokta Waya alilijua vizuri. Hakujisumbua kujiuliza lilitoka wapi. Watu wa kazi yake hudhani kwamba anayefaa kuchunguzwa ni mtu mwenye akili tu.

"Mzee wangu, samahani kwa kuingilia," alisema, povu likimtiririka sikioni. "Shemeji anakupenda, lakini hapo amekushusha. Mtu wa hadhi yako, na kompyuta ya mtumba?"

"Enhe! Mwambie na huyu kinyozi asikie!"

Kabla ya nusu ya pili ya kichwa kwisha, walikuwa wamebadilishana namba za simu. Udaktari wa Dokta Waya, ieleweke, aliupata mwenyewe bila kusumbua chuo chochote.

Kwa muuza vyuma chakavu alinunua kasha tupu la kompyuta kubwa, refu kama meza ya kulia chakula. Akatia feni, akatia taa za kumetameta, na kwa ajili ya uzito akatia nusu ya tofali iliyofungwa kwa kitambaa, maana Mzee Kufuli alikuwa mtu wa kupima thamani kwa mkono. Filamu nazo zilipaswa kuonekana kweli. Kwa hiyo akaibandika humo kwa gundi simu yake mwenyewe, ile moja tu aliyokuwa nayo, ikichajiwa kwa waya na kurusha mtandao wake kimyakimya. Mpango ulikuwa mwepesi: alipwe, ajifanye anakaza skrubu, achomoe simu, aage.

Siku ya kufikisha mali, Mzee Kufuli alilinyanyua kasha na kuguna kwa furaha. Mkewe alisimama mlangoni, daftari la masomo mkononi.

"Ina diski ngapi?" aliuliza.

"Shemeji, chombo kama hiki hakihesabiwi diski. Kinahesabiwa nguvu."

"Diski moja ikifa, picha za watu zitabaki wapi?"

"Haifi."

"Na umeme inakula kiasi gani?"

"Haili, shemeji. Inaonja tu."

"Mama, acha kumhoji msomi," mumewe alimkemea. Filamu ilikuwa tayari ikicheza kwenye televisheni, watu wakirushiana ngumi, na yeye alitabasamu kana kwamba anawalipa mshahara.

Dokta Waya aliona ni wakati wa kugongelea msumari wa mwisho. "Jambo moja, mzee. Hii haifunguliwi. Vumbi likiingia, umeizika. Akija mtu yeyote, awe na kitambulisho, awe analia machozi, akikuambia anataka kuifungua, huyo ni tapeli."

"Hata ukiwa wewe?"

"Hata nikiwa mimi!" alijibu kwa kishindo, kwa sababu maneno yalikuwa matamu mdomoni.

Mzee Kufuli alibonyeza simu yake, akatuma malipo. Ndani ya kasha kukasikika: ting!

"Hiyo nini?"

"Seva... imekukubali, mzee."

"Na mimi nimeikubali." Na papo hapo, kwa wepesi usiotarajiwa kwa mtu mwenye kitambi kile, Mzee Kufuli alilisukuma kasha kwenye kizimba cha nondo alichokuwa amechomelewa ukutani, akafunga kufuli la ukubwa wa ngumi, na ufunguo akauvaa shingoni. Hapo ndipo Dokta Waya alipotazama huku na huku. Bomba la uani lilikuwa na kufuli. Swichi ya taa ya korido ilikuwa na kufuli. Ndoo ilikuwa na kufuli.

"Mzee, nikaze skrubu moja tu ya mwisho..."

"Umesema nini sasa hivi?"

"Skrubu ndogo, mzee wangu."

"Hata nikiwa mimi, ndivyo ulivyosema. Unanijaribu, siyo? Nimefaulu!" Mzee Kufuli alicheka na kumpigapiga mgongoni mpaka nje ya geti, ambalo nalo alilifunga.

Barabarani, Dokta Waya aliomba. Mungu, aliyezoea kulisikia jina lake kwa bwana huyu wakati wa kuapia vitu vibovu tu, bila shaka alishangaa. Hali ilikuwa mbaya. Malipo yalikuwa kwenye simu ile. Akiba yake yote ilikuwa kwenye simu ile. Na kampuni ya simu isingemrudishia laini, kwa kuwa ilisajiliwa kwa jina la marehemu fulani ambaye asingeweza kufika dirishani kuthibitisha.

Kesho yake alirudi amevaa ovaroli, akidai anapima joto la seva. Mzee Kufuli akamsifu kwa kumjaribu mara ya pili. Mchana akarudi analia machozi ya kweli. Mzee Kufuli akaita wapangaji waje waone jinsi wataalamu wanavyomjaribu mtu.

Alipokuwa akiondoka, mke wa Mzee Kufuli alimfuata getini.

"Shemeji, seva yako inaita."

"Inaita nini?"

"Inaita kama simu. Jana nilichukua simu ya mume wangu, nikaipigia namba yako. Nikachungulia kwenye matundu ya kasha, nikasoma: Mjinga wa Seva anapiga. Huyo Mjinga ni mume wangu, au ni sisi wote wawili?"

Dokta Waya alianza kulikagua kufuli la geti.

"Mume wangu akijua, atawaita wapangaji, na safari hii si kwa kukusifu," mama aliendelea, akachana ukurasa wa daftari. "Sikiliza, mdogo wangu. Kompyuta ndogo ya ofisi, iliyotumika lakini nzima, isiyokula umeme. Memori ya kutosha. Diski mbili mpya za ukubwa sawa, moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Na risiti. Kesho asubuhi mzee akienda kuoga, ufunguo huuvua."

"Dada yangu, hela zote zimo humo ndani!"

"Una koti. Una saa. Una mkoba wa ngozi."

Akaviuza vyote. Dukani, muuzaji alimletea diski kuukuu iliyobandikwa karatasi mpya, na wateja wakashuhudia Dokta Waya akipiga kelele kwa uchungu wa dhati: "Huu ni wizi! Mnawaibia watu hivi na mnalala usingizi?"

Asubuhi, maji yakimwagika bafuni, kufuli lilifunguliwa. Mama alitoa tofali, akabandua simu, akaweka kadude ndani ya kasha kubwa, akafunga skrubu zote bila kuuliza mtu. Dokta Waya aliingiza namba yake ya siri na, kwa amri ya mama, kutuma malipo yaleyale kwenye laini yake.

"Nipe kidogo," mama alisema. "Kuna kitu nirekebishe." Akabonyezabonyeza, kisha akamkabidhi simu yake.

Mzee Kufuli alitoka bafuni anang'aa, akalipangusa kasha kwa taulo. "Unaona, mama? Ningekusikiliza wewe, leo tungekuwa na kadude."

"Kweli, baba watoto."

Njia panda, Dokta Waya, bila koti wala mkoba, aliiwasha simu. Bando la intaneti lilikuwa limekwisha. Wapangaji kumi na wawili walikuwa wametazama filamu siku mbili kwa gharama yake. Akatafuta Mjinga wa Seva ili amfute asimwone tena. Jina lilikuwa palepale, ila namba ilikuwa nyingine. Akaisoma tarakimu moja moja, midomo ikicheza, mpaka akaitambua.

Ilikuwa yake.