Isale Langu na Kuku wa Rau

Jamani, leo nimejiaibisha mwenyewe, bila msaada wa mtu. Nipo intaneti kafe mjini, magoti yananiwaka, naandika upesi kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua ile kampuni ya kuku wa kukaanga yenye matawi Dar na Arusha inafungua tawi mtaani kwetu Rau Jumamosi. Na kuku wao sina ugomvi. Ugomvi ni banda la dada yangu Anansia, anayeuza mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, pembeni ya kiwanja chao tangu kiwanja chenyewe kikiwa migomba. Wanataka banda liondoke, magari yaegeshwe. Mtaa ukakataa. Mtaa ukaniteua msemaji, kwa sababu nasoma vitabu. (Hilo kosa ni la mtaa.)

Nilijiandaa kwa utaratibu. Nilipima kwa futi kamba mara tatu: banda liko nje ya kiwanja chao kabisa. Nikaandika barua yenye hoja kumi na moja. Hoja ya tisa ilisema: "Wafanyakazi wenu wanamwaga njiani maji ya kuoshea vikaangio, na mtu mzima anaweza kuanguka." Ikumbukeni hoja ya tisa.

Asubuhi nikakata masale kihambani kwangu, shamba la nyumbani. Kwa ninyi msio wa mlimani: isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mpakani, na mpaka wa masale hauchezewi. Kazi yake ya pili ni msamaha. Aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba radhi, huna ruhusa ya kumkatalia. Mimi nilikata kwa kazi ya kwanza tu.

Saa tatu tukaenda, watu kama thelathini, na Mzee Elirehema, balozi wetu wa nyumba kumi, akiwa mbele. Dada Anansia alibaki bandani, upawa mkononi, akitutazama. Alisema hafungi biashara kwa ajili ya maandamano, hata yakiwa yake.

Meneja akatoka. Anaitwa Prosper, kijana wa Kibosho, shati jeupe, mpole. "Shikamooni, wazee." Nikajisemea moyoni, upole huo utaisha kwenye hoja ya pili. Barua mkono wa kushoto, isale la kwanza mkono wa kulia, nikapiga hatua kumwendea.

Hoja ya tisa ikanipokea.

Jamani! Mguu mmoja ulielekea Kiboriloni, wa pili ukaelekea Kibosho. Barua ikaruka. Nikatua kwa magoti yote mawili, puu! mbele ya Prosper, kichwa chini, mkono wa kulia juu. Na isale limesimama wima. (Sijawahi kushika kitu kwa uimara namna ile.)

Prosper akajishika kifua. "Baba! Inuka, tafadhali. Mtu wa rika la baba yangu kunipigia magoti!"

"Nimeteleza," nikasema.

"Sote tunateleza, baba. Yamekwisha." Akalipokea isale kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimlengalenga machoni!

Nikamnong'oneza Mzee Elirehema, "Mzee, mwambie. Hili ni la mpaka."

"Lilikuwa la mpaka ulipokuwa umesimama," akasema, akavua kofia. "Jamani, isale limepokelewa!"

Wakapiga makofi. Watu wangu! Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akiuliza, "Kwani alimkosea nini?"

"Sijui," akajibiwa, "lakini lilikuwa kubwa. Si umeona alivyojitupa?"

Prosper akaagiza sinia mbili za kuku wa majaribio. Waandamanaji wangu wakala. Nami nikapewa paja, maana aliyesamehewa hakatai chakula. (Lilikuwa tamu. Hilo libaki kati yetu.)

Ndipo dada Anansia akaja, upawa bado mkononi. "Kaka, nilikutuma ukanisemee, wewe umeenda kuniombea radhi? Nilimkosea nini huyu mtoto?"

Sikuwa na hoja ya kumi na mbili.

Akanitazama kutoka kichwani hadi magotini, akarudi bandani, akaja na bakuli la mtori. "Kula, mwanangu," akamwambia Prosper. "Waliopatana hula pamoja." Prosper akala. Akaomba tena. Bakuli la pili lilipofika nusu, dada akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Sasa mwanangu, umepatana na kaka yangu, umekula kwangu. Banda langu utalivunja Ijumaa au Jumamosi yenyewe?"

Kijiko kikasimama hewani. Prosper akalitazama isale lililokuwa kwapani mwake. Akamtazama Mzee Elirehema. Akatutazama sisi thelathini, midomo inang'aa mafuta yake.

"Magari yatakaa upande wa pili," akasema polepole.

"Umesikia?" Mzee akaniambia. "Panda masale yako kabla hajashiba."

Nikapanda palepale nilipopima, suruali imeloa hadi mapajani. Banda limebaki. Barua haikusomwa na mtu. Nimeona ikiondoka imefungiwa vipande viwili vya kuku, hoja ya tisa ikiwa kwa nje. Dada amesema siku mtaa ukipata shida nyingine nisiandike chochote, atanisukuma tu.

Naomba msicheke. Mkishindwa, chekeni hukohuko mliko. Kwetu Rau nafasi zimejaa.