Besi ya Baba Mkwe Gavra

Jumamosi, 14 Desemba 2024. Zrenjanin.
Kosa la watu wengi ni hili: hununua sabufa ili waisikie. Sabufa njema haisikiki. Ni kama msingi wa nyumba. Huuoni, ila ukiondolewa utajua. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minane, kwa hiyo mimi sitakosea.

Imefika leo. Kubwa kama jiko. Mke wangu Zagorka ameitazama kama anavyomtazama mgeni asiyevua viatu.

Nimempa ahadi. Baba yake, marehemu Gavra, alipiga berde, tambura ya besi, ala ya nyuzi inayomzidi mpigaji kimo. Bendi yake imeacha santuri moja tu. Kwenye spika zetu ndogo wenzake wanne wanasikika wote, yeye hasikiki kabisa. Miaka ishirini sasa Zagorka anasikiliza santuri ya baba yake bila baba yake. Alhamisi ni siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu. Nimemwambia siku hiyo atamsikia. Amejibu kwamba asipomsikia, sabufa itahamia stoo, na mimi niandae blanketi langu.

Jumapili, 15 Desemba.
Spika zangu hazishuki chini ya hezi themanini, yaani mitetemo themanini kwa sekunde. Sabufa ianzie palepale zinapoishia, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Nikaianzisha juu zaidi, pengo lisije likatokea. Mwimbaji akatoa sauti ya mtu aliyekwama ndani ya pipa. Gavra kimya. Zagorka ameuliza kama na baba yake yumo humo ndani ya pipa.

Ratomir wa ghorofa ya chini yetu amepanda kusikiliza. Fundi mstaafu wa reli. Kasema nigeuze swichi ya nyuma ya sabufa. Nimemweleza saa nzima kwa nini haihitajiki.

Jumatatu, 16 Desemba.
Nimegeuza swichi. Besi imejaa! Sababu ni rahisi: sabufa ilikuwa inasukuma hewa wakati spika zinavuta, zikawa zinafutana. Ni kama watu wawili kwenye msumeno mmoja, wote wanasukuma. Sitamwambia Ratomir.

Ratomir naye ukoo wake ni wa Nikola, kama nusu ya mji huu. Wageni wa siku hiyo hawaalikwi, anayejua anakuja. Basi kila mwaka jengo zima linachagua, kwake au kwangu. Mwaka jana kwake walikuja kumi na tisa. Kwangu saba, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango.

Jumanne, 17 Desemba.
Besi hurundikana pembe hii na kupotea pembe ile. Dawa inajulikana. Weka sabufa kwenye kiti unachokalia, kisha tambaa kando ya kuta. Utakaposikia besi safi, hapo ndipo mahali pake. Nina miaka sabini na mitatu. Nimetambaa.

Ratomir akaingia kurudisha sufuria. Akaikuta sabufa kwenye kiti changu na mimi chini ya meza, uso ukutani.

“Jirani,” akasema, “mmebadilishana zamu?”

Mahali penyewe pamepatikana. Ni kona ya mashariki, chini ya picha ya mtakatifu. Ndipo inapokaa meza ya sikukuu.

Jumatano, 18 Desemba.
Zagorka amekataa katakata. Kona ni ya mtakatifu, mkate na mshumaa. Nikamweleza kwamba sabufa ni mche mraba, na meza pia, kwa macho ya fizikia, ni uso bapa tu. Tukiitandika sabufa kitambaa cha mama yake, nani atajua? Alikuwa akipaa samaki magamba tangu asubuhi, kwa kuwa ni mfungo na nyama hailiwi. Amekubali kwa uchovu. Mimi nahesabu kwamba nimeshinda kwa hoja.

Alhamisi, 19 Desemba.
Wageni tisa! Juu ya sabufa: mkate, ngano ya kuchemsha, bilauri ya divai, mshumaa unawaka. Nikaweka santuri. Gavra alisikika kwa mbali, kama mtu anayekohoa uani. Nikaongeza sauti. Kidogo tu. Halafu kidogo tena.

Ngano ikaanza kucheza. Mshumaa ukatembea. Naapa, ulitembea kama mtu anayejua aendako, ukafika kwenye divai, ukaanguka humo na kuzimika.

Kwetu mshumaa huo huzimwa kwa divai na mwenye nyumba, karamu ikiisha. Shangazi Persida akaweka uma chini, akafanya ishara ya msalaba, akanishukuru kwa ukarimu, akaomba koti. Wanane wakamfuata. Samaki hawakuguswa. Wote wakashuka kwa Ratomir, na Zagorka nyuma yao amebeba sinia. Alisema samaki hawana kosa.

Nikabaki na mtakatifu. Nikampigia santuri yote, pande zote mbili, kwa sauti ya juu.

Zagorka amerudi saa kumi na moja jioni, macho mekundu. Akakaa bila kuvua aproni.

“Nimemsikia baba.”

Nikauliza wapi.

“Kwa Ratomir. Anatokea kwenye dari yake. Huku juu unatupa kelele za watu wote. Kule chini alikuwa yeye peke yake, kila mdundo. Kama nilivyokuwa nikimsikia chumba cha pili, akifanya mazoezi, mimi nimelala.”

Ratomir amewanyamazisha wageni ishirini na wanane ili Zagorka asikilize. Zagorka amembusu mara tatu.

Ijumaa, 20 Desemba.
Maelezo: sabufa imekaa juu ya zege, na zege hubeba besi vizuri kuliko hewa. Mwanafunzi yeyote angesema inua sabufa juu ya vipande vya mpira, punguza sauti. Zagorka ameomba nisiguse kitu. Kila Jumapili nipige santuri, naye atashuka na kahawa kumsikiliza baba yake kwa jirani. Ratomir ameshamtengea kiti.

Sikulala. Miaka thelathini na minane ya fizikia, na mke wangu anasikiliza sabufa yangu kwenye dari ya mtu wa reli.

Lakini asubuhi nimeuona ukweli. Kosa halikuwa sauti, wala zege. Kosa lilikuwa sabufa moja. Mbili, katika pembe zinazokabiliana, zitasawazisha kila kitu. Ya pili nimeshaiagiza.

La kufanya leo, kabla Zagorka, aliyeshuka kuchukua sinia, hajapanda: pima kona ya magharibi.