Bwawa la Buluu la Kanyakine

Jumatano, 5 Machi 2025

Limejaa! Bwawa la kwanza la kuogelea Kanyakine, nyuma ya gesti yangu. Jumapili kanisa letu linabatizia hapa, na mama mkwe ni mmoja wa wanaobatizwa. Tangu nimwoe binti yake Kaari, mama huyu hajawahi kukanyaga kwangu. Kwa Muthomi, aliyemwoa dada yake Kaari, hakauki. Jumapili ndiyo nafasi yangu ya kuonekana mtu.

Nimetia klorini, mkebe mzima. Maji ya kisima yalikuwa safi kabisa. Sasa yana rangi ya chai ya strungi! Muthomi, anayetunza bwawa la hoteli fulani Meru mjini, amepita akasema maji ya huku yana chuma na klorini hukigeuza kutu, ningepima kwanza. Nikamwambia ndivyo nilivyotaka yawe. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiria kama mkulima. Udongo ukiwa na asidi tunaweka chokaa. Nimemwaga mifuko yote iliyobaki stoo. Bwawa limekuwa uji. Kaari ameuliza kama watu wanakuja kubatizwa au kunywa chai ya asubuhi. Nimesema maji yanapumzika.

Ijumaa, 7 Machi

Uji umetulia chini, nimeufyonza kwa pampu. Yaliyobaki ni kama maji ya kuoshea vyombo. Mchungaji amechungulia, akauliza kwa upole kama mto uko mbali. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu nikakumbuka kopa! Ile dawa ya buluu tunayonyunyizia kahawa isishikwe na ugonjwa. Nimekoroga, nimemwaga. Buluu! Buluu ya kalenda! Nimetuma picha kwa WhatsApp ya familia. Muthomi ameandika, "Kiunga, hiyo si kopa kweli?" Nimemjibu kwa emoji ya mikono ya kuomba. Mama mkwe ametuma moyo. Kwangu mimi!

Jumapili, 9 Machi

Alfajiri niliongeza klorini, kwa usalama. Mama mkwe alitangulia. Akavua kitambaa, nywele zake ni nyeupe pe. Akazamishwa, akainuka, nyimbo, vigelegele. Nililia kwa furaha, najua nililia.

Tulipokuwa tukila mukimo, watu wakikauka juani, watoto wakaanza kumkodolea macho. Kichwa cha mama mkwe kilikuwa kijani. Kijani cha sukuma wiki! Ndevu za mchungaji pia. Kila mwenye mvi. Watu wazima wakajifanya hawaoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama mkwe, ambaye amelima kahawa maisha yake yote, alijitazama kwenye simu ya Kaari, akaninusa mkono, akajinusa kichwa. Hakupaza sauti. Alisema kahawa ikinyunyiziwa kopa hungojwa kabla ya kuchumwa. Akauliza, je, yeye atachumwa lini? Sikuweza kumtazama. Nilijificha nyuma ya tangi mpaka Muthomi akampeleka nyumbani. Kaari hasemi nami. Hata mimi nisingesema nami.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kwa mama mkwe. Nimepiga magoti mlangoni, nimelia mbele ya kuku na majirani. Amenisamehe! Kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Akanipa chai. Nimemwahidi sitamwaga kitu tena bila kuuliza. Muthomi alikuwepo, kama kawaida. Amesema kijani hutolewa kwa maji ya ndimu, kichwa kimoja kimoja, polepole. Bwawa nalo limwagwe, lijazwe upya, lipimwe.

Nimerudi nikiwaza. Kichwa kimoja kimoja hadi lini? Ndimu ikitoa kijani kichwani, si ndimu bwawani itatoa kwa wote mara moja? Tatizo ni kwamba ndimu za sokoni hazitoshi. Lakini jirani yangu fundi wa magari ana maji ya betri, asidi kali kuliko ndimu yoyote. Na ahadi ni ahadi: sijamwaga bila kuuliza. Nimemuuliza fundi, akasema, "Mtungi ninao, beba." Nimeubeba, nimeumwaga wote.

Nimewaalika wote Jumapili. Mama mkwe amekubali kunipa nafasi nyingine. Ataingia wa kwanza.