Jasho Langu na Jiwe la Badawy

Jumatatu, 6 Oktoba 1980
Jiwe! Siku sitini na tatu za sururu shimoni kule Mraru, na leo, jiwe la kijani, kubwa kama maharagwe mawili. Nimecheka mpaka nikajikojolea kidogo. (Tryphena asijue.) Mke wangu huyo amekwishapanga mabati ishirini na nne kabla ya mvua. Mwaka jana tulilala chini ya meza.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeenda Voi kwa Badawy, mnunuzi wa mawe ya thamani. Kaliinua kwenye mwanga, akataja bei. Mabati yote, misumari, na chenji ya sukari! Nikasema narudi kesho. Nilitaka kwanza nikajivune nyumbani.

Kosa. Nyumbani yuko mpwa wangu Gibson, kaja likizo kutoka chuo kikuu na kitabu kizito. Kasema nanyonywa. Eti Mjerumani mmoja wa ndevu alishathibitisha kwamba thamani ya kitu ni jasho lililomwagwa juu yake, basi. Nikauliza, hata la siku sitini na tatu? Akasema mjomba, piga hesabu mwenyewe.

Nimepiga. Mabati mia na themanini! Badawy mwizi!

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemtajia Badawy bei ya jasho. Nimemwonyesha viganja. Kasema, "Mzee wangu, pole kwa kazi. Lakini mie nanunua jiwe, sinunui mgongo wako." Duka zima likacheka. Nikamwita mnyonyaji. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikunywa, lakini kwa hasira.

Mara akaingia Katunge, jirani yangu. Alikuwa akiokota kuni, akajikwaa. Kajikwaa kwenye jiwe pacha la langu! Akalipwa bei ileile niliyoikataa, mbele ya macho yangu! Jasho gani kamwaga yule? Tone moja la damu, kidole gumba cha mguu!

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimembana Gibson. Kasema Mjerumani aliliona hilo. Muda unaohesabiwa si wangu, ni ule wa lazima, ambao mchimbaji wa kawaida angetumia. Kumbe mgongo wangu haukuwa wa lazima! Nikamwambia Wajerumani nawajua. Baba yangu alibebeshwa masanduku ya risasi mpaka Taveta kwa vita vyao, akarudi anachechemea, na hakuna aliyemuuliza jasho lake lina thamani gani. Na la Gibson liko wapi? Tangu Jumanne anakula viazi vya Tryphena, hajachota hata debe moja la maji. Kajibu kwamba yake ni kazi ya akili. Akaomba chumvi.

Lakini nimewaza. Kama jasho langu halitoshi, si liongezwe?

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimelisugua jiwe kwenye kinoo cha panga kutwa nzima. Kinoo kimechimbika, jiwe halina habari. Tryphena kasema niliache, mwenye duka alilitaka vile lilivyo. Nimemwambia hajasoma. Yeye kafika darasa la nne, mimi la tatu, lakini mwenye mpwa chuo kikuu ni nani?

Jumamosi, 11 Oktoba
Kusugua ni jasho dogo. Nyundo ni jasho kubwa. Nimechukua nyundo na tindo.

Vipande kumi na vinne. Vingine siwezi hata kuviona.

Jumatatu, 13 Oktoba
Badawy kavitazama, akavua miwani. Hakucheka. Afadhali angecheka! Kasema polepole, "Mzee wangu, Jumanne lilikuwa jiwe." Chai hakuniuliza.

Kwa Katunge nyundo zinalia juu ya paa tangu asubuhi. Gibson kapanda gari la Nairobi, kasema nilichokosa ni mshikamano. Tryphena hajanisemesha. Kapanga sufuria zote sakafuni, kila moja chini ya tundu lake.

Jumatano, 15 Oktoba
Mvua, mapema! Kwa hasira nimefikiri sana, na kosa nimelipata. Jasho halikuwa na kosa. Kosa ni la lile jiwe la kijani. Jiwe legelege, halivumilii kazi! Nimeokota kokoto jeusi kwenye barabara ya Taveta, gumu kama moyo wa Badawy. Nitalisugua siku mia mbili. Aje tuone atasema nini!

Tryphena kafungua mdomo hatimaye. Kauliza, juu ya kelele za sufuria, ninafanya nini pale na kokoto.

Nimemjibu: paa.